Jibu la Mdomo katika Ufundishaji wa Kiingereza

Jibu la mdomo ni maelezo anayoyatoa mwanafunzi papo hapo, kwa sauti, kujibu swali aliloulizwa darasani, kwenye usaili au mbele ya mtahini. Si hotuba, kwa kuwa mada haikuchaguliwa na msemaji. Wala si maongezi ya kawaida, kwa kuwa anayesikiliza anangoja hoja. Katika ufundishaji wa Kiingereza kwa watu wenye lugha nyingine, hapa ndipo malalamiko yanapokuwa mengi na mafunzo yanapokuwa haba. Mwanafunzi aliyesoma Kiingereza miaka mingi, anayejaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye karatasi bila kukosea, akiulizwa "kwa nini" huanzia katikati, hurudi nyuma, hudandia jambo jingine, kisha huishia hewani. Watu wengi humaliza shauri kwa kusema sarufi yake haijakaa sawa au msamiati umempungukia. Makala hii inashika msimamo tofauti: mpangilio wa jibu ni stadi ya pekee, inaweza kupatikana hata kwa mtu mwenye sarufi dhaifu, na hupatikana mwalimu anapobadili swali analouliza, muda anaotoa na nafasi ya kurudia kusema, kabla ya kuongeza mazoezi ya nyakati na vihusishi.

Tuchukue majibu mawili ya kubuni kwa swali moja: kwa nini wanafunzi wengine wa Dar es Salaam huchelewa kufika shuleni? La kwanza: "Because the daladala, and you know some students live far, and rain, and others are lazy, so it is not good, because also the daladala is full." La pili: "There is two reasons. First is transport. The konda refuse students because they pay small money. Second is work at home. Some they fetch water before school. So I think the big problem is transport." Ukihesabu makosa ya sarufi, jibu la pili ndilo lenye mengi. "There is two reasons" pekee ingetosha kumfanya mwalimu achomoe kalamu nyekundu. Lakini msikilizaji akiambiwa arudie alichosikia, la pili atalirudia lote na la kwanza litampotea. Msemaji wa pili ametangaza idadi ya sababu, akataja kila moja kwa jina, akaitilia maelezo mafupi, halafu akasema ipi ina uzito. Maneno yake hayazidi ya mwenzake kwa ugumu. Alichomzidi ni kujua anakokwenda kabla ya kuondoka.

Kwa nini kujua huko ni kugumu mtu anapotumia lugha ya kujifunza? Willem Levelt, mwanasaikolojia wa lugha kutoka Uholanzi, alieleza katika kitabu chake Speaking cha 1989 kwamba usemaji una kazi tatu zinazokwenda sambamba: kuunda ujumbe, kuuvisha maneno na sarufi, na kuutamka. Kwa mtu anayesema lugha yake, kazi ya pili na ya tatu hujiendesha karibu zenyewe, hivyo akili inabaki huru kushughulikia ujumbe. Kwa mwanafunzi mambo hugeuka. Anatafuta neno, anajiuliza kama kitenzi kinataka "s", anahofia matamshi, na wakati huohuo anatakiwa aamue hoja ipi itangulie. Akili haina nafasi ya yote hayo kwa mpigo, na kinachotupwa kwanza ni mpangilio, kwa sababu kosa la mpangilio halimchomi msemaji papo hapo kama neno lililogoma kuja. Ndiyo maana mtu yuleyule aliyejikanganya kwa Kiingereza hueleza jambo lilelile kwa Kiswahili kwa utulivu, tena kwa mifano. Kama tatizo lingekuwa uwezo wa kufikiri kwa mpangilio, lingejitokeza katika lugha zote mbili. Na kama lingekuwa sarufi tu, jibu la pili hapo juu lisingewezekana.

Lawama ya kwanza basi iangukie swali. Mwaka 1975 John Sinclair na Malcolm Coulthard wa Chuo Kikuu cha Birmingham walichambua mazungumzo ya darasani wakaonyesha umbo lake la kawaida: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu. Umbo hilo lina kazi yake, hasa mwalimu anapotaka kujua haraka kama darasa linafuata. Ubaya wake ni kwamba hatua ya katikati huwa fupi mno, kwa sababu mwalimu anajua jibu na anachongoja ni neno moja. Katika madarasa mengi ya Afrika Mashariki hatua hiyo imefupishwa zaidi: mwalimu huanza neno ubaoni, akapandisha sauti, na darasa zima likamalizia silabi ya mwisho kwa pamoja. Baada ya hapo huulizwa kama wameelewa, na kiitikio cha "Yes, teacher" hutikisa dirisha. Keith Chick, aliyechunguza darasa la hisabati huko KwaZulu nchini Afrika Kusini, aliandika mwaka 1996 kwamba kuitikia namna hiyo ni makubaliano ya kimyakimya ya kufichiana aibu: mwalimu haonekani kashindwa kufundisha, wala mwanafunzi haonekani kashindwa Kiingereza. Uchambuzi huo ni wa haki kuliko lawama za kila siku kwamba wanafunzi ni waoga. Wanafunzi hao wamejifunza vizuri sana kile walichofundishwa, yaani kujibu kwa silabi. Asiyewahi kudaiwa sentensi tatu zinazoshikana hawezi kuzitoa siku ya usaili.

Swali linalozaa jibu refu si lazima liwe gumu. "Mji mkuu wa Tanzania ni upi?" halina pa kwenda baada ya kutajwa Dodoma. "Kwa nini serikali iliamua kuhamia Dodoma?" lina njia kadhaa, na mwanafunzi hana budi kuchagua. Lakini swali zuri likifuatwa na papara ya mwalimu hurudi kuwa bovu. Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi katika shule za msingi za Marekani, alichapisha mwaka 1974 matokeo ambayo mpaka leo hayajapoteza makali. Walimu walikuwa wakingoja kwa wastani sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliojibu bila kuitwa waliongezeka, na walioshindwa kabisa kujibu walipungua. Rowe alitenga kungoja kwa aina mbili: baada ya swali, na baada ya mwanafunzi kunyamaza. Kungoja kwa pili ndiko husahaulika zaidi, na ndiko kunakohusu mpangilio, kwani sentensi ya kwanza ya mwanafunzi mara nyingi ni dai tupu, na sababu hufuata pale tu anapoachiwa ukimya. Mwalimu anayedakia "Good!" mara dai linapotajwa amefunga mlango wa sababu. Yafaa kukumbuka kwamba Rowe alikuwa akichunguza watoto waliojibu kwa lugha waliyoizoea. Anayejibu kwa lugha ya kujifunza anahitaji zaidi ya sekunde 3.

Muda ukirefushwa zaidi hugeuka maandalizi, na hapa ushahidi ni mwingi. Pauline Foster na Peter Skehan walichapisha mwaka 1996 utafiti juu ya wanafunzi wa Kiingereza wa kiwango cha chini ya kati, ambao baadhi walipewa dakika 10 za kujiandaa kabla ya kuzungumza na wengine hawakupewa. Waliojiandaa walisema kwa mtiririko zaidi na kwa sentensi zenye muundo mpana zaidi. Katika usahihi wa sarufi matokeo hayakunyooka: walioachiwa wajipangie wenyewe walifanya makosa machache kuliko walioelekezwa kwa undani namna ya kujipanga. Fundisho lake kwa mwalimu ni kwamba asijaze dakika hizo kwa maagizo yake. Ampe mwanafunzi swali, kipande cha karatasi na amri moja tu: andika maneno manne au matano, usiandike sentensi. Sentensi zikiandikwa zitasomwa, na kusoma kwa sauti si kujibu.

Lakini maandalizi hayo yafanyike kwa lugha gani? Shule nyingi zimekwisha kuamua kwa mabango na adhabu kwamba Kiswahili kikisikika ni kosa, na walimu wengi wanaamini kwa dhati kwamba anayepanga mawazo kwa Kiswahili atazoea kutafsiri, hatafikiri kwa Kiingereza kamwe. Pingamizi hilo si la kupuuzwa. Kutafsiri neno kwa neno huzaa sentensi za ajabu. Hata hivyo linachanganya kazi mbili alizozitenga Levelt. Kupanga hoja hufanyika kabla ya sentensi. Orodha ya "usafiri, maji, usafiri mbaya zaidi" haina sarufi ya kutafsiriwa, ni ramani tu. Mradi wa LOITASA, ulioanza 2002 na kuwaleta pamoja watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, akiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Oslo, ulilinganisha vipindi vya sekondari vilivyofundishwa kwa Kiingereza na vilivyofundishwa kwa Kiswahili. Katika vile vya Kiswahili wanafunzi waliuliza na kueleza, na katika vile vya Kiingereza wengi walikaa kimya. Watafiti hao walijenga juu ya hilo hoja kuhusu lugha ya kufundishia, mjadala mkubwa kuliko makala hii. Kwa somo la Kiingereza lenyewe, hoja inayopatikana ni ndogo zaidi, lakini inatumika kesho asubuhi: mpangilio tayari upo kichwani, katika lugha nyingine, na dakika mbili za minong'ono ya Kiswahili kati ya wawili waliokaa dawati moja zinaweza kuuhamishia kwenye jibu la Kiingereza. Kuzizuia dakika hizo ni kumdai mtoto mzigo huku umemnyima kamba ya kuufungia.

Baada ya maandalizi huja kiunzi. Kilichoenea zaidi kina hatua nne: toa dai, toa sababu, toa mfano, rudi kwenye dai. Wanachama wa Toastmasters, chama cha kujifunza usemaji kilichoanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, hufanya zoezi la kujibu swali wasilolijua kwa dakika moja hadi mbili, na kiunzi kama hiki huwakinga wasipotee. Kwa mwanafunzi wa lugha kina faida ya ziada, kwamba kila hatua ina maneno machache ya kuifungulia: "I think", "because", "for example", "so". Maneno hayo manne hubeba mzigo mkubwa kuliko orodha ndefu ya viunganishi vya kifahari vinavyokaririshwa kwa ajili ya insha. Mwanafunzi anayerusha "furthermore" na "nevertheless" katikati ya sentensi zisizohusiana hajapanga kitu, amepamba fujo. Ipo pia sentensi moja inayostahili kufundishwa peke yake mapema kabisa, ile inayotangaza idadi: sababu ni mbili, njia ni tatu. Sentensi hiyo humwambia msikilizaji ategemee nini, na humfunga msemaji asitangetange.

Wapo wanaosema kiunzi cha namna hii ni desturi ya Waingereza na Wamarekani inayouzwa kwa jina la uwazi. Mjadala huu una historia. Mwaka 1966 Robert Kaplan alichapisha makala yenye michoro maarufu iliyodai kwamba kila jamii ina umbo lake la kupeleka hoja, Kiingereza kikichorwa kama mstari ulionyooka na lugha nyingine kama mizunguko. Michoro hiyo imekosolewa vikali tangu wakati huo, na kwa haki, maana ilihukumu utamaduni mzima kwa kutazama insha za watu waliokuwa bado wanajifunza lugha. Mswahili hahitaji kufika California ili ajue kujibu kwa hoja. Mathias Mnyampala alipoikuza ngonjera, mtindo uliomo katika kitabu chake Ngonjera za UKUTA kilichotoka mwaka 1970, alitumia umbo ambalo pande mbili hupokezana beti, kila mmoja akikamata hoja ya mwenzake na kuijibu hadi mmoja akubali. Shule nyingi za Tanzania zimewahi kuwapandisha watoto jukwaani kughani hivyo. Kilicho kweli katika pingamizi hili ni suala la adabu. Mtoto aliyelelewa kumsalimu mkubwa, kujua hali na kulifikia jambo polepole huona ni utovu wa heshima kumtupia mtahini dai lake katika sentensi ya kwanza. Mwalimu akilikaripia hilo kama kosa atakuwa amekosea yeye. Aseme wazi kwamba hii ni desturi ya mahali fulani, usaili na mtihani, kama vile sare ilivyo ya shuleni, na kwamba nyumbani taratibu za nyumbani zinabaki.

Pingamizi zito zaidi ni la kukariri. Mpe mwanafunzi kiunzi, husemwa, naye atakugeuzia wimbo: sentensi zilezile kwa kila swali, mfano uleule wa shangazi aliyefanikiwa kwa kilimo cha vitunguu. Hofu hiyo ina msingi, hasa katika shule zilizozoea maswali ya mitihani iliyopita. Dawa yake ni kurudia, lakini si kurudia maneno. Zoezi la 4/3/2, lililobuniwa na Keith Maurice na kutangazwa na Paul Nation, humtaka mwanafunzi aeleze jambo moja kwa wasikilizaji watatu tofauti, kwanza kwa dakika 4, kisha 3, kisha 2. Msikilizaji anapobadilika kila mara, msemaji ana sababu ya kweli ya kusema tena. Na muda unapopungua, analazimika kuamua kipi ni kiini na kipi ni majani. Hapo ndipo mpangilio huzaliwa, kwa kuwa dakika 2 haziwezi kubeba yaliyosemwa ndani ya 4. Nel de Jong na Charles Perfetti waliripoti mwaka 2011 kwamba waliorudia mada moja katika zoezi hili walidumisha ufasaha wao wiki kadhaa baadaye hata kwenye mada mpya, ilhali waliobadili mada kila mara hawakufaidika hivyo. Kama zoezi lingezaa kasuku tu, faida isingevuka kwenda kwenye mada nyingine. Mwaka 2014 Frank Boers alitoa tahadhari: chini ya shinikizo la muda, makosa ya mara ya kwanza hurudiwa yalivyo mara ya tatu. Jibu la busara ni kuingiza masahihisho kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili, makosa mawili au matatu yaliyosikika kwa wengi, yaandikwe ubaoni bila kutaja jina la mtu. Hapo sarufi inafundishwa mahali inapohitajika, baada ya kuwepo kitu cha kusahihisha.

Darasa la wanafunzi 70 halizuii zoezi hili, ingawa huzuia mengine mengi. Kumsimamisha mmoja mmoja mbele ya darasa ndiko kusikowezekana: kwa dakika mbili kila mtu, kipindi cha dakika 40 kitawahudumia 20, na waliobaki watakuwa watazamaji. Katika jozi, 35 husema kwa wakati mmoja. Kelele zitakuwepo, na mkuu wa shule aliyezoea kupima nidhamu kwa ukimya aelezwe mapema. Mwalimu hatawasikia wote, ni kweli, lakini anayesikiliza anaweza kupewa kazi: aandike dai la mwenzake na sababu alizozisikia. Asipoweza kuandika, msemaji ameshajua pa kurekebisha, na ameambiwa na mtu asiye na kalamu nyekundu.

Kuna mahali ambapo mpangilio haufai kudaiwa. Mwalimu Mwingereza Douglas Barnes alitofautisha mwaka 1976 usemaji wa kuchunguza, ambao huyumba na kujikata kwa sababu mtu bado anafikiri, na usemaji wa kuwasilisha, ambao ni wa kilichokwisha fikiriwa. Mwanafunzi anayejaribu kuelewa kwa nini chuma huzama na meli ya chuma huelea hapaswi kubanwa kwa hatua nne. Aachwe abahatishe. Kiunzi kije baadaye, akishaelewa na anataka kumwelewesha mwingine.

Yote haya huteleza pale ambapo mtihani hauyapimi. Mtihani wa IELTS hufanya usaili wa ana kwa ana wa dakika 11 hadi 14. Katika sehemu ya pili mtahiniwa hupewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa na karatasi ya kuandika vidokezo, kisha husema dakika 1 hadi 2. Robo ya alama za mazungumzo huenda kwa mtiririko na mshikamano wa maelezo, sawa na sarufi. Nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE imekuwa ikitenga alama 30 kati ya 60 kwa stadi za kusikiliza na kuzungumza, na zote hujibiwa kwa kalamu: mtahiniwa huandika namna ambavyo angejiandaa kwa mdahalo, badala ya kujadiliana. Tanzania hupima Kiingereza cha Kidato cha Nne kwa maandishi tu. Sababu za gharama na za haki zinaeleweka, kwani kuwasikiliza mamia ya maelfu ya watahiniwa si jambo dogo, na mtahini wa shule ya jirani anaweza kupendelea. Lakini mitihani ya ndani ya muhula haina kizuizi hicho. Dakika 3 kwa kila mwanafunzi, zikigawanywa katika wiki kadhaa, zinatosha kwa swali moja, dakika 1 ya kujiandaa, jibu, na swali la nyongeza ambalo hakulitegemea. La nyongeza lipewe alama nyingi kuliko la kwanza, kwa maana aliyekariri habari za shangazi na vitunguu atalijibu la kwanza vizuri kabisa, kisha aulizwe jirani asiye na shamba afanye nini.